Makonyo, majani ya mpera na jicho la mtu: shajara ya mradi wetu, Chake Chake

14 Julai

Karafuu zimeanza kuanikwa. Asubuhi, kutoka Wawi hadi mjini Chake, nimepita majamvi yaliyotandazwa mbele ya nyumba, mabibi na watoto wamekaa kitako wanachambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule. Harufu inaingia mpaka ndani ya daladala.

Mradi wenyewe ni huu. Tunao bakteria waliotoka kwenye usufi uliopanguswa kwenye macho ya wagonjwa. Wamehifadhiwa kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, hawana jina la mtu, wana namba tu. Wengi ni Staphylococcus aureus, wachache ni Pseudomonas aeruginosa, na baadhi yao hawasikii tena dawa zilizozoeleka. Tunataka kujua kama miti ya hapa hapa Pemba ina kitu cha kuwazuia. Kibali cha maadili tumeshapata. Tuko watatu: mimi, mwenzangu wa maabara na mwalimu wetu.

Niseme na ninakotoka. Msimu wa mwaka juzi mjomba wangu alikuwa juu ya mkarafuu, kijiti kikamchoma jicho la kulia. Alishuka, akanawa, akapanda tena kuchuma, maana pishi zake hazijatimia. Siku ya pili jicho likawa jekundu, tongotongo zimejaa, mwanga hautazamiki. Dukani akauziwa dawa ya matone ya antibayotiki bila kupimwa. Haikufaa. Jirani akaleta maji ya majani, akamtia. Nayo hayakufaa. Alipofika hospitali siku ya kumi na mbili, katikati ya kioo cha jicho palikuwa na kidonda cheupe. Kidonda kilipona, ukungu ukabaki. Jicho lile leo linajua mchana na usiku, basi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: lau yale majani yangekuwa majani sahihi?

16 Julai

Tumekwenda kwa Bi Mkubwa, mtabibu wa mitishamba ambaye mama yangu alipelekwa kwake tangu mtoto. Tulimkuta uani anapeta mchele.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mtoto wa nani weye?”

Nilipomtajia babu yangu akaweka ungo chini, akatupa mkeka. Tumekaa mpaka adhuhuri. Majani ya mpera, kasema, ni ya tumbo la kuendesha na vidonda vya kinywani. Ganda la komamanga vivyo hivyo. Mwarobaini ni wa ngozi. Manjano kwa jeraha. Nilipomuuliza kuhusu macho akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika neno kwa neno: “Jicho mimi naliosha nje, kwenye kope, kwa maji ya mpera yaliyochemka yakapoa. Ndani sitii kitu. Ndani ni pa Mungu na daktari.”

Nimerudi na maneno hayo yananizunguka kichwani. Mradi wetu tumeuandika kwa nia ya kutafuta dawa ya kutia ndani, na mwenye elimu ya majani mwenyewe ndani hatii.

Tumechuma mpera, mwarobaini na maganda ya komamanga, kila kimoja na tawi lake la kubana kwenye gazeti kwa ajili ya kuthibitisha aina. Mwenzangu alitaka twende pia Msitu wa Ngezi. Nimekataa. Ngezi ni hifadhi, na dawa inayotegemea mti wa msituni itaumaliza mti kabla ya kuumaliza ugonjwa. Mpera uko kila ua.

27 Julai

Majani yamekaukia kivulini siku saba, tumesaga. Gramu 100 za unga kwa lita moja ya ethanoli ya asilimia 70, saa 72 kwenye mashine ya kutikisa, kisha kuchuja na kuivukiza ethanoli kwa nyuzi 40. Kinachobaki ni kitu kama asali iliyoungua, kinanata kwenye kila kijiko. Mpera umetoa rangi ya kahawia iliyokolea, komamanga nusura nyeusi. Manjano nimeyanunua sokoni. Mikono yangu yote ni ya njano na mama kaniuliza kama naolewa.

2 Agosti

Siku ya makonyo, na siku ngumu.

Mafuta ya makonyo Pemba si jambo geni, kiwanda cha kuyakamua kwa mvuke kiko hapa hapa Chake Chake. Sisi tulitaka kidogo tu, tuliyoyatoa wenyewe, kutoka makonyo ya shamba tunalolijua. Tukafunga chombo cha kioo, maji yakachemka, mvuke ukapanda, ukapozwa, matone yakaanza kudondoka. Baada ya saa tatu hakuna mafuta. Juu ya maji pamenyooka kama kioo.

Mwalimu alipopita akacheka, kisha akatuonyesha. Chombo tulichokitumia kimetengenezwa kwa mafuta yanayoelea. Mafuta ya karafuu na makonyo yana kemikali iitwayo yujenoli kwa wingi, na yujenoli ni nzito kuliko maji. Ilikuwa ikizama chini na kurudi na maji kwenye chungu, duru baada ya duru. Tumebadilisha chombo. Magharibi ilipoadhiniwa tulikuwa na mafuta ya manjano hafifu chini ya kichupa, kimya, mazito.

5 Agosti

Sahani za kwanza. Kwanza tumewapima bakteria wenyewe kwa dawa za hospitali, kwa sababu huwezi kusema mti umemzuia bakteria sugu kabla hujathibitisha kwamba ni sugu. Kwa S. aureus kipimo ni kidonge cha karatasi chenye mikrogramu 30 za sefoksitini: duara la wazi pembeni yake, pasipoota bakteria, likiwa milimita 21 au chini, bakteria huyo amehesabiwa kuwa ni wa kundi la MRSA, yaani S. aureus sugu kwa methisilini, yule ambaye penisilini na jamaa zake wengi hawamgusi. Methisilini, dawa ya jamii ya penisilini, ilianza kutumika mwaka 1959, na mwaka 1961 Uingereza ikatangaza bakteria wa kwanza walioishinda. Miaka miwili tu. Namba 4 na namba 11 kwenye friza letu ni wa ukoo huo.

Halafu tukaweka miti. Na hapa nimepoteza sahani sita. Mafuta ya makonyo nimeyatia bila kuyazimua, na yalipogusa ukuta wa sahani ya plastiki, plastiki ikafanya ukungu, ikalainika. Yujenoli huyeyusha plastiki ya aina hii. Nimesimama na sahani mkononi, nimeitazama muda mrefu. Kitu kinachofanya hivi kwenye plastiki nimekusudia kukipeleka kwenye jicho.

6 Agosti

Pamoja na hayo, kwenye sahani zilizosalimika makonyo yameacha duara pana kuliko vyote, hata kwa namba 4. Komamanga wa pili. Mpera una duara jembamba lakini safi. Mwarobaini karibu hakuna. Kwa Pseudomonas hakuna kilichofanya kitu cha kusema. Bakteria huyu ana utando wa nje unaozuia vitu kuingia, na ndani ana pampu za kutoa vile vilivyopenya.

Usiku nimempigia mjomba. Nimemwambia tumepata kitu. Sikupaswa.

12 Agosti

Mwalimu kanikalisha. Si kwa ukali, lakini kanikalisha.

Duara pana, kasema, halina maana ya dawa kali. Linaonyesha vitu viwili kwa pamoja: nguvu ya kitu, na jinsi kinavyosambaa ndani ya agari, ile rojo ya kwenye sahani wanapokulia bakteria. Kitu kidogo chepesi kitatembea mbali hata kama ni dhaifu. Kitu kizito kitabaki palepale hata kama kinaua. Manjano ni mfano, kemikali yake kuu haipendi maji na agari ni maji matupu. Kwa hiyo duara ni la kuchuja tu, la kusema hiki kipite, hiki kibaki. Ukitaka nguvu ya kitu, tafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua.

Kisha akachukua pipeti, akadondosha tone moja kwenye karatasi. “Hili ni kama mikrolita 50,” kasema. “Unajua jicho linashika machozi kiasi gani? Takriban saba. Ukitia tone, sehemu kubwa inamwagika shavuni, na kilichobaki kinasukumwa na machozi mapya kuelekea puani. Sahani yako imempa mti saa 18. Jicho litampa dakika chache.”

Nimeandika namba hizi mbili kwenye karatasi, 50 na 7, nimezibandika juu ya meza yangu.

14 Agosti

Umeme umekatika usiku. Umeme wetu wa Pemba huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, tangu 2010, na kabla ya hapo tulikuwa tukiishi kwa majenereta, kwa hiyo kwa kawaida nashukuru. Leo inkubeta, kabati la joto la kukuzia bakteria, imepoa hadi nyuzi 28 na hatujui kwa muda gani. Bakteria wa kulinganishia naye amekua kwa shida, maana yake hakuna cha kuamini kwenye sahani zote. Zimetupwa. Friza limeshika, alhamdulillahi.

23 Agosti

Wiki nzima ya sahani za visima 96. Kila kisima kina bakteria, mchuzi wa kuwakuza na kiasi cha dawa ya mti kinachopungua nusu kwa nusu. Mwisho unatia rangi ya buluu iitwayo resazurini: bakteria walio hai huigeuza kuwa waridi, kisima kilichobaki buluu kimezuiwa. Inavutia sana kuitazama, na imenidanganya mara tatu.

Mara ya kwanza ni makonyo. Visima vilivyo jirani na mstari wa makonyo, ambavyo havikutiwa kitu, navyo vilibaki buluu. Mvuke wa yujenoli ulipanda, ukaingia kwa majirani. Sasa makonyo yana sahani yao peke yao, na mafuta tunayachanganya na Tween 80 kidogo, kitu cha kuchanganyisha mafuta na maji, ili yasielee wala kuzama, tukiweka pia visima vya Tween tupu.

Mara ya pili ni komamanga. Visima vyenye komamanga nyingi viligeuka waridi haraka, nikadhani bakteria wanalishwa. Kumbe kemikali za komamanga zenyewe zinaweza kuigeuza rangi, bila bakteria yeyote. Tangu siku hiyo kila dawa ya mti ina safu yake isiyo na bakteria. Ningemwomba kila mwanafunzi anayeanza kazi hii aifanye safu hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Mara ya tatu ni manjano. Rangi ya njano juu ya buluu inatoa kijani, na kijani sijui nikihesabu hai au mfu. Zaidi ya hayo, kemikali ya manjano inajulikana kwa kuwahadaa watafiti; hujitokeza kuwa na nguvu katika vipimo vingi vya maabara kwa sababu zisizohusiana na tiba. Tumeiondoa kwenye mradi. Imeniuma, kwa kuwa ndiyo watu wananiuliza zaidi.

Waliobaki: makonyo, komamanga, mpera.

24 Agosti

Komamanga imeondoka.

Tulitia protini kwenye mchuzi, ili ufanane kidogo na machozi, na nguvu ya komamanga ikaporomoka. Ni tanini zake. Tanini hushikamana na protini yoyote iliyo karibu, ndiyo maana ganda likikugusa ulimi unakakamaa. Ndani ya jicho kuna protini kila mahali, na nyingine ni askari wake. Mwaka 1922, miaka sita kabla ya penisilini, Alexander Fleming alitangaza kimeng'enya kinachovunja kuta za baadhi ya bakteria, lisozimu, na machozi yanacho kwa wingi. Tanini zitakwenda kushikana na huyo kabla ya kumfikia adui. Mpera nao una tanini, nguvu yake imepungua, ila haikuanguka namna ile.

30 Agosti

Leo sikuandika chochote cha maabara. Naandika mazungumzo.

Nimemweleza mwalimu habari za mjomba, tangu kijiti hadi ukungu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hospitali walikwangua kidonda wakatazama kwa hadubini. Nikasema sijui. Akasema jicho lililochomwa na mti, hasa nchi za joto kama kwetu, mara nyingi halina bakteria peke yake. Lina kuvu. Fusarium, Aspergillus, wanaokaa kwenye majani na udongo. Kuvu huyo haguswi na antibayotiki yoyote, iwe mpya au ya zamani, na hadubini na tone la potasiamu haidroksaidi lingeweza kumwonyesha siku ile ile.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba dawa ya dukani haikushindwa kwa usugu. Inawezekana haikuwa na adui wa kumpiga. Na yale majani, ambayo kwa miaka miwili nimekuwa nikijiuliza kama yangekuwa sahihi, pengine yaliongeza mbegu za kuvu juu ya kidonda kilicho wazi. Kuna utafiti wa Tanzania bara uliochapishwa 1994 uliowatazama wagonjwa wenye vidonda vya kioo cha jicho, na takriban robo yao walikuwa wametia dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitali. Nilikuwa nimeusoma. Sikuwahi kumweka mjomba ndani yake.

Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe mpaka alasiri.

Na si majani tu. Mapema 2024 pale macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na mikoa mingine, mripuko ule ulikuwa wa virusi, na wengi walikimbilia matone ya antibayotiki, ambayo hayaui virusi. Kila chupa iliyotumika bure vile inawafundisha bakteria. Mwaka 2019 pekee, vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu.

1 Septemba

Mwenzangu kaniuliza kama naendelea. Naendelea.

8 Septemba

Swali letu limebadilika, na nataka liandikwe wazi lilivyobadilika.

Tulianza na “mti gani unaua bakteria wa jicho?” Swali hilo jibu lake ni rahisi mno, kwa kuwa siki inaua, sabuni inaua, makonyo yanaua na yanayeyusha plastiki. Swali jipya ni hili: mti gani unaweza kuirudishia nguvu dawa ya zamani, kwa kiasi ambacho jicho linakistahimili?

Limetujia kutokana na vitu viwili tulivyosoma wiki hii. Cha kwanza ni berberini, kemikali ya njano ya mimea ya jamii ya Berberis. Peke yake ni dhaifu kwa S. aureus, kwa sababu bakteria anayo pampu iitwayo NorA inayoitoa nje kila inapoingia. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mmea huo huo una kemikali ya pili, ambayo haiui kitu, kazi yake ni kuziba pampu. Mbili zikiwa pamoja berberini inafanya kazi. Mmea unapeleka mwuaji na mfunga mlango kwa pamoja! Sisi kwenye maabara tukimtenganisha kila mmoja kwenye chupa yake tunasema wote hawafai.

Cha pili kinatoka mbali zaidi. Kuna kitabu cha tiba cha Waingereza wa kale, cha karne ya 10 hivi, chenye dawa ya uvimbe wa kope, ule tunaouita chokea: kitunguu saumu, kitunguu kingine, mvinyo na nyongo ya ng'ombe, vikae siku tisa kwenye chombo cha shaba. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Nottingham waliitengeneza kama ilivyoandikwa, ikawaua MRSA waliojikusanya kwenye utando wao mgumu. Ukitoa kiungo kimoja nguvu hiyo inapotea. Hilo lilithibitishwa tena 2020. Sisemi tuichukue, wala kwetu mvinyo na dawa havikai pamoja kirahisi. Lakini aliyeiandika alijua kwamba ni mchanganyiko na ni siku tisa. Nimemkumbuka Bi Mkubwa na “yaliyochemka yakapoa” yake. Nimekuwa nikilipita neno hilo kama pambo. Sisi mpera tumeutoa kwa ethanoli, yeye anauchemsha. Leo tumechemsha.

20 Septemba

Mpangilio wa dama. Kwenye sahani ya visima 96, dawa ya hospitali inapungua kwenda kulia, mpera unapungua kwenda chini, na kila kisima kinakuwa mchanganyiko tofauti, kama nyumba za bao la dama. Dawa tuliyoichagua ni tetrasaiklini, kwa kuwa marhamu yake ya asilimia moja ndiyo iliyo karibu na mtu wa kawaida hapa kisiwani, na namba 11 haisikii.

Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa pamoja na mpera tetrasaiklini inahitajika robo tu ya kiasi chake, na mpera nao robo tu, tunajumlisha robo na robo: 0.5. Kuanzia hapo kushuka chini, wawili hao wanasaidiana kweli. Juu ya hapo hadi 4, kila mtu na lake.

Mpera wa kuchemsha na namba 11: mara ya kwanza 0.5. Mara ya pili 0.5. Mara ya tatu 0.75.

Mpera wa ethanoli: hakuna kusaidiana.

Namba 4: hakuna kusaidiana, kwa mpera wowote.

Nimeandika vile ilivyotoka. Kipimo cha aina hii kinaruhusu kuteleza kisima kimoja juu au chini, kwa hiyo 0.5 na 0.75 ni majirani wa ukuta mmoja. Siwezi kusema tumepata. Naweza kusema kuna kitu kwenye maji ya Bi Mkubwa ambacho hakipo kwenye ethanoli yetu, kwa bakteria mmoja, na kwamba kinafaa kutafutwa. Safari hii sikumpigia mtu simu.

29 Septemba

Mayai. Tumenunua mayai yaliyorutubishwa kwa mfugaji wa jirani, yamelala kwenye joto siku 9. Ukilifungua ganda kwa uangalifu upande wa juu unakuta utando wenye mishipa ya damu, laini kama wa jicho, na wenyewe hauna hisia ya maumivu kwa umri huo. Unatia tone, unatazama dakika tano: damu inavuja? mishipa inapotea? utando unaganda?

Maji ya chumvi ya asilimia 0.9: kimya dakika zote tano, kama inavyotakiwa. Sodiamu haidroksaidi, kemikali inayounguza: damu papo hapo, kama inavyotakiwa.

Makonyo, yamezimuliwa hadi asilimia moja: mishipa ilivuja kabla dakika haijafika. Mwenzangu aligeuza uso. Makonyo yameondoka kwenye mradi wa macho, na nimefurahi yameondokea kwenye yai. Yanaweza kuwa na kazi nyingine, kusafishia meza au vifaa, hilo ni la mradi mwingine.

Mpera wa kuchemsha, kwa kiwango kile cha mpangilio wa dama: hakuna damu. Kwenye yai moja kati ya sita mishipa ilinywea kidogo dakika ya nne. Tutarudia kwa mayai zaidi.

Hata likipita yai, tone hili liko mbali na jicho. Halina usafi wa kiwango cha dawa, na maji ya majani yakikaa siku mbili yanaota vijidudu. Mwaka 2023 Marekani, nchi yenye viwanda na wakaguzi, matone ya kulainisha macho yaliyochafuliwa na Pseudomonas sugu yalihusishwa na maambukizi ya watu 81 kwenye majimbo 18. Wanne walifariki, 14 walipoteza uoni, wanne waliondolewa jicho. Chupa zilikuwa zimefungwa na zina lebo. Kikombe cha uani hakina hata kifuniko.

4 Oktoba

Nimerudi kwa Bi Mkubwa, safari hii na mjomba. Niliona ni haki yao wote wawili wasikie kwangu.

Nimemweleza bibi kila kitu, makonyo yaliyoyeyusha sahani, komamanga iliyoshikana na protini, maji yake yaliyosaidia dawa kwa bakteria mmoja na hayakusaidia kwa mwingine. Alitaka kujua yamechemka kwa muda gani. Nikasema dakika kumi. Akatikisa kichwa: “Mpaka yapungue nusu, mwanangu. Na majani machanga, yale mekundu ya nchani. Makuu hayana kitu.” Sisi tulichuma makuu. Hatukumuuliza.

Kisha nikamwomba jambo moja. Mtu akija kwake jicho limechomwa na kijiti, au haoni vizuri, au mwanga unamuumiza, amwambie aende hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya kope wala maji, na adai kidonda kikwanguliwe kitazamwe. Mjomba alikuwa amekaa pembeni anachambua karafuu za bibi, kichwa amekielekeza upande kama anavyofanya siku hizi ili jicho la kushoto lione. Hakusema kitu mpaka nilipomaliza. Akasema, “Mwambie pia asirudi kupanda mkarafuu siku ile.”

Bi Mkubwa kakubali. Ametupa kikapu cha majani machanga ya mpera.

6 Oktoba

Majani machanga, gramu 100, yamechemshwa mpaka maji yamepungua nusu. Yamechujwa kwenye kichujio cha mikromita 0.22. Rangi ni nyepesi kuliko ya awali, kama chai ya rangi. Kichupa kimeandikwa tarehe, ua lilikotoka, na “nchani”. Namba 11 ametolewa kwenye friza jioni hii. Dama kesho saa mbili asubuhi.